Bibi wa Kahe na majibu yake mawili

Mara ya kwanza nilipomuuliza kama katika miezi 12 iliyopita iliwahi kupita siku nzima bila yeye kula kitu kwa kukosa pesa, alisema hapana. Siku 13 baadaye nilimkuta kwenye kigoda kilekile, chini ya mwembe uleule, nikamsomea swali lilelile neno kwa neno. Akasema ndiyo.

Niliinua macho kutoka kwenye kishikwambi. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharage ya mbegu.

"Bibi, siku ile ulisema hapana."

Mhojaji haruhusiwi kusema hivyo. Tunafundishwa kusoma swali, kusubiri, kubonyeza jibu na kusonga mbele. Mimi nilisema.

Hakushtuka. Alitupa punje iliyotobolewa na wadudu, kuku wakaikimbilia. "Siku ile ulikuja na mwenyekiti, mjukuu wangu."

Kisha akanyamaza, akasubiri swali linalofuata. Halikuwepo. Lile lilikuwa la mwisho.

Hii ni wiki ya sita tangu nirudi Moshi mjini na jibu hilo. Nimekaa nalo kwenye Hiace ya kwenda Himo, nimekaa nalo kanisani wakati wengine wanaimba. Leo naliandika.

Namba iliyotufurahisha

Mradi wenyewe sitautaja, maana kasoro nitakazozisimulia ni zetu sisi tuliokuwa ndani. Ulikuwa mdogo: kutambua kaya zenye njaa kali katika vitongoji kadhaa vya tambarare ya Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, kule joto linakopiga na mvua ya mlimani haifiki. Tulitumia maswali 8 ya ndiyo au hapana, yale ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Yanaanza kwa upole: uliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha? Yanapanda taratibu hadi lile la siku nzima bila kula. Ukihesabu ndiyo, kila kaya inapata alama kati ya 0 na 8.

Mradi uliamua kwamba mwenye 5 au zaidi anaingia kwenye orodha ya unga.

Bibi alikuwa na 4.

Baada ya duru ya kwanza, msimamizi wetu alikokotoa kipimo cha uthabiti, yaani dodoso linaaminika kiasi gani, kinachoitwa KR-20, akatuita tuone. Ilikuwa 0.75, na ukamilifu ni 1. Tulipongezana kwa mikono, na mimi nilipongeza kwa dhati. Sikujua vizuri tunapongezana kwa nini, ndiyo maana usiku ule nikaanza kusoma.

Herufi hizo ni za Kuder na Richardson, Wamarekani wawili waliochapisha makala yao mwaka 1937. Namba 20 haina siri yoyote: ni fomula ya 20 katika makala hiyo. Na inavyofanya kazi si jambo la kutisha. Kwa kila swali unachukua sehemu ya watu waliosema ndiyo, unaizidisha kwa sehemu ya waliosema hapana. Swali likiwagawa watu nusu kwa nusu unapata 0.25, na haliwezi kuvuka hapo. Swali ambalo wote wamelijibu sawa linatoa sifuri, kwa sababu halimtofautishi mtu na jirani yake. Kwetu, ukijumlisha maswali yote 8, ilikuwa 1.375. Halafu unaangalia alama za jumla za kaya zimetawanyika kiasi gani. Kipimo cha mtawanyiko huo, variansi, kilikuwa 4.

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu na kalamu. Kama majibu ya maswali yale yasingehusiana hata kidogo, kila moja likienda kivyake kama mbuzi wasio na mchungaji, variansi ya jumla ingekuwa 1.375 ileile. Ikifika 4, maana yake majibu yanakwenda pamoja: aliyesema ndiyo hapa huelekea kusema ndiyo na pale. Unagawa 1.375 kwa 4, unatoa kwenye 1, unazidisha kwa 8/7. Unapata 0.75.

Mwaka 1951 Lee Cronbach alipanua hesabu hiyo ili ifae hata majibu yenye ngazi nyingi, ikawa ndiyo alfa ambayo kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaibandika kwenye sura ya tatu ya tasnifu yake. Kwa data ya ndiyo na hapana, alfa na KR-20 ni namba moja.

Kwa hiyo tulichopongezana nacho ni hiki: majibu yalikwenda pamoja.

Kitu gani kiliyapeleka pamoja, hatukuuliza.

Asilimia 90

Msimamizi, na hili nampa heshima yake, hakuridhika na duru moja. Alitaka kaya 50 zirudiwe ndani ya wiki mbili. Hoja yake ilikuwa nzuri: swali linauliza miezi 12, siku 13 haziwezi kuibadilisha sana. Jibu likigeuka, aliyegeuka si njaa.

Tuliporudi tukalinganisha. Swali la 8, lile la siku nzima, kaya 44 zilisema hapana mara zote mbili. Kaya 1 ilisema ndiyo mara zote mbili. Kaya 3 zilisema ndiyo kisha hapana, na 2 zikasema hapana kisha ndiyo. Bibi ni mmoja wa hao wawili.

Makubaliano ni 45 kati ya 50. Asilimia 90. Mwenzetu mmoja alisema hata saa ya ukutani kwake haikubaliani na simu yake kwa kiasi hicho, tukacheka, tukafunga kompyuta.

Mimi nilikuwa bado na kalamu.

Swali ambalo karibu kila mtu analisemea hapana linakupa makubaliano ya bure. Duru ya kwanza waliosema ndiyo walikuwa 4 kati ya 50, duru ya pili 3. Chukua karatasi za duru hizo mbili, zichanganye kama karata, uzilinganishe ovyo bila kujali kaya ipi ni ipi. Utapata makubaliano ya karibu asilimia 87. Asilimia 90 yetu imezidi bahati nasibu kwa hatua tatu tu.

Jacob Cohen alitengeneza kipimo cha jambo hili mwaka 1960, akakiita kapa. Unachukua makubaliano uliyoyaona, unatoa yale ambayo bahati peke yake ingeleta, kisha unagawa kwa nafasi iliyobaki hadi kufikia ukamilifu. Kwetu: 0.90 kutoa 0.8696, gawa kwa 0.1304.

0.23.

Niliirudia hesabu mara tatu. Kapa nayo ina ugonjwa wake, nao ni huu: jambo likiwa nadra, kaya chache tu zinaweza kuiporomosha. Feinstein na Cicchetti waliliandika fumbo hilo mwaka 1990. Kwa hiyo sikuichukulia 0.23 kama hukumu. Lakini ilinifanya nifungue zile kaya 5 moja moja, na kila moja ilikuwa na mlango wake.

Ndiyo yetu

Katika zile tatu zilizotoka ndiyo kwenda hapana, moja ilikuwa ya dada tuliyefanya naye kazi, na alikumbuka vizuri kilichotokea. Mama wa kaya alisikia swali, akatikisa kichwa. Dada akataka kuhakikisha: "Kwa hiyo hamkuwahi kukaa siku nzima bila kula?" Mama akajibu, "Ndiyo."

Dada akabonyeza Ndiyo.

Sote tunaozungumza lugha hii tunajua mama alisema nini. Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nitasema ndiyo, sijala. Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Ni adabu, na ni sarufi. Kisanduku cha kwenye kishikwambi hakijui hilo. Chenyewe ndiyo ni njaa. Lile swali la kuhakikisha, lililoulizwa kwa nia njema kabisa, liligeuza kaya kutoka shibe kwenda njaa kwa kidole kimoja.

Ya pili ilikuwa chai. Kaya ilikunywa chai kavu asubuhi na chai kavu jioni. Je, wamekula? Mhojaji wa kwanza alisema chai kavu si chakula. Wa pili alisema chai ina sukari. Mwongozo wetu ulikuwa na kurasa nyingi na haukutaja chai popote.

Na kuna jibu ambalo nimelisikia zaidi ya ndiyo na hapana: "Mungu anasaidia." Limesemwa na walioshiba na wenye njaa, kwa sauti ileile. Nimelibonyeza hapana mara nyingi. Sasa hivi siwezi kukuambia ni mara ngapi nilikosea.

Mwenyekiti alikuwa amesimama wapi

Hizo zote, chai na sarufi, ni makosa yanayokwenda huku na huku. Leo yanaongeza, kesho yanapunguza. KR-20 inayaona, kwa sababu yanavuruga mwendo wa pamoja na kuishusha namba. La bibi ni la aina nyingine, na lilinichukua wiki nzima kulielewa.

Mwenyekiti wa kitongoji hakufanya kosa lolote. Ndiyo desturi: mgeni haingii uani kwa watu bila mwenyeji. Alitutambulisha, akasimama pembeni kwa heshima, karibu na zizi, akiongea na simu. Lakini bibi ni mjane ambaye wanawe wako Dar es Salaam na mwingine Arusha, na wanajulikana. Kusema mbele ya mwenyekiti kwamba amewahi kulala bila kula ni kuwaanika wanawe. Angeweza kusema ana wasiwasi, nani hana? Angeweza kusema hapati mboga za kubadilisha, anakula aina moja ya chakula, wakati mwingine anaruka mlo. Akasema ndiyo nne hizo za mwanzo. Kuanzia la tano, hapana, hapana, hapana, hapana.

Angalia mpangilio huo ulivyo mzuri. Maswali yale yamepangwa kama ngazi, na kanuni inayotumika kuyapima, iliyowekwa na mwanahisabati wa Denmark Georg Rasch mwaka 1960, inatarajia mtu apande ngazi kwa mpangilio: ndiyo kwenye mepesi, na akifika anapoishia, hapana kwenye mazito. Jibu la bibi la siku ile lilikuwa safi kabisa. Mashine ingelipenda.

Siku ya pili, peke yetu na kuku, alisema ndiyo kwa yale manne, hapana kwa la 5 na la 6, kisha ndiyo kwa la 7 na la 8. Alama 6. Mpangilio umevurugika. Kanuni ingeinua nyusi: inawezekanaje mtu akae siku nzima bila kula, huku anasema hajawahi kula kidogo kuliko alivyopaswa, wala chakula hakijawahi kumwishia ndani?

Nilimuuliza, si kwa dodoso, kwa mazungumzo tu. Kula kidogo? "Kwa umri huu kidogo ndicho kinachonitosha." Chakula kuisha ndani? Akanionyesha ungo. Maharage yapo. Ni ya mbegu, anasubiri zamu yake ya maji ya mfereji apande. Mbegu hailiwi, lakini huwezi kusema ndani hamna kitu wakati imo.

Majibu yaliyofichwa yalikuwa nadhifu. Ya kweli ndiyo yaliyoonekana mabaya.

Sasa rudi kwenye 0.75. KR-20 inatokana na mkao mmoja. Chochote kinachoyasukuma majibu mengi ya mtu upande mmoja katika mkao huo, yenyewe inakihesabu kuwa uthabiti. Aibu ikishusha maswali manne kwa pamoja kwenye nyumba hii, na kwenye nyumba ya jirani isishushe kwa sababu mwenyekiti alikuwa amepokea simu na kusogea mbali, mwendo wa pamoja unaongezeka. Namba inapanda. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya ile 0.75 tuliyoipongeza ilikuwa ni kupima mwenyekiti alisimama hatua ngapi kutoka kwenye kigoda.

Nyumba moja niliyoingia kitongoji kilekile ilisema ndiyo nane duru ya kwanza na ndiyo nane duru ya pili. Uthabiti uliokamilika. Habari za orodha ya unga zilikuwa zimeshazagaa, na nyuma ya mlango niliona magunia matatu ya mahindi. Siwalaumu. Huenda mahindi yalikuwa ya ndugu, huenda mwaka ulianza vibaya ukaishia vizuri, na mimi si askari. Nasema tu kwamba katika hesabu zetu nyumba hiyo ilitupa sifa na bibi alitupa doa.

Mstari wa tano

Kulikuwa na njia rahisi ya kupandisha namba. Ongeza maswali. Spearman na Brown, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha mwaka 1910 kwamba ukirefusha kipimo kwa vipande vya namna ileile, uthabiti unapanda kwa kanuni inayojulikana. Maswali 16 yangetupeleka kwenye 0.86 hivi. Mtu mmoja kwenye kikao alilipendekeza. Niliwaza bibi akiulizwa mara 16 kuhusu njaa yake, tena mbele ya mwenyekiti, nikasema sikubaliani. Sauti yangu ilitetemeka kuliko nilivyopanga.

Nilichokiomba ni kitu kingine. Cronbach mwenyewe, katika makala iliyotoka mwaka 2004 baada ya kifo chake, alisema haioni tena alfa kuwa ndicho kitu muhimu zaidi cha kuripoti. Kosa sanifu la kipimo lina manufaa zaidi. Nililipenda jambo hilo kwa sababu linarudi kwa mtu mmoja. Uthabiti unasema habari za kundi zima. Kosa sanifu linasema: alama ya huyu, mwenye jina hili, inaweza kuyumba kiasi gani?

Hesabu yake ni fupi. Kipeuo cha pili cha variansi yetu ni 2. Toa 0.75 kwenye 1, inabaki 0.25, ambayo kipeuo chake ni 0.5. Zidisha kwa 2.

Alama 1.

Yaani mwenye 4 ni mtu ambaye, takriban mara mbili katika tatu, alama yake halisi iko kati ya 3 na 5. Ukitaka uhakika zaidi, kati ya 2 na 6. Na mstari wetu wa unga unapita kwenye 5, katikati ya ukungu huo, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa gizani.

Hapa nilipata shaka nyingine, na bado ninayo. Kwa hesabu hiyo, bibi kutoka 4 kwenda 6 si ajabu. Ukilinganisha vipimo viwili vyenye kosa la 1 kila kimoja, tofauti ya 2 ni ya kawaida tu. Mtakwimu angeweza kuniambia: mbona unahangaika, huko ni kuyumba kwa kipimo. Na angekuwa sahihi kwa hesabu yake. Lakini mimi nilikuwepo. Nilijua kuyumba huko kulivaa koti la kaki na kushika simu. Tunaliita kosa la bahati kwa sababu kwenye jedwali halina safu yake, na halina safu kwa sababu hatukuliandika.

Hatukuwahi kuandika nani alikuwepo wakati wa mahojiano. Safu moja tu. Tulikuwa na safu ya mahali nyumba ilipo, kwa vipimo vya satelaiti hadi tarakimu sita, hatukuwa na safu ya mwenyekiti.

Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho. Alikubali mambo mawili: kaya zote zenye alama 3 hadi 6 zirudiwe kabla ya orodha kufungwa, na safari hii kiongozi atutambulishe kisha aondoke. La tatu, la kuongeza safu, alisema fomu imeshafungwa kwenye mfumo.

Mara ya tatu

Jumamosi iliyopita nilirudi. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Ungo ulikuwa umening'inizwa ukutani, mtupu. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika, maharage yako ardhini.

Nilisoma maswali yote 8. La kwanza hadi la nne, ndiyo. La tano, akasema tena kidogo kinamtosha. La sita, chakula kuisha ndani, alitazama ule ungo.

"Sasa hivi naweza kukwambia ndiyo. Mbegu nimeshapanda."

La saba, ndiyo. La nane alilijibu kabla sijamaliza kulisoma, kisha akaongeza ambacho hakuna aliyemuuliza: zilikuwa siku tatu, mbili kabla ya Pasaka, na moja ile iliyonyesha mvua ya usiku kucha.

Alama 7.

Sijui kama 7 ni kweli kuliko 6. Amenizoea sasa, ananiita mjukuu wake, na huenda mazoea nayo yanasukuma majibu upande wao. Nilikaa pale hadi jua lilipoanza kushuka, sikubonyeza kitu.

Kisanduku cha alama kinapokea tarakimu moja tu. Niliweka 7. Kwenye nafasi ya maoni niliandika 4 na 6 pamoja na tarehe zake, na nani alikuwa amesimama wapi.